Kilio cha Nyamizi

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Daktari wa kambi moja ya machimbo kule Geita hakuwahi kuzaa, lakini uchungu aliujua kuliko wazazi wote, au ndivyo alivyojiona.

Mwaka wa 1936 Nyamizi alifika hospitalini kwake na binti yake, Limi, juu ya machela. Ilikuwa mimba ya kwanza, siku ya pili ya uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Nyamizi mwenyewe alikuwa mkunga, amezalisha nusu ya kijiji, lakini hili lilimshinda akakubali. Wazungu walilazwa kwenye nyumba ya matofali, watu weusi kwenye banda la nyasi. Limi akawekwa bandani, kwenye mkeka.

Kwao mwanamke halii akizaa. Akilia, yeye na mama yake wataimbwa nyimbo za kejeli kisimani mpaka wazeeke.

"Ng'ata nguo, Limi," Nyamizi alimwambia. "Usinitie aibu ugenini."

Limi akang'ata.

Asubuhi daktari alipita na msaidizi wake, dresa Stanslaus, akasimama mlangoni. "Anaumwa?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. Limi alikuwa kimya, jasho linamtiririka.

"Unaona?" daktari akamwambia Stanslaus. "Hawa hawaumwi kama sisi. Wanazaa kama mbuzi. Atajifungua tu." Akaenda zake bila hata kumgusa.

Mchana, kule kwenye matofali, mke wa msimamizi wa mgodi akashikwa na uchungu. Mama huyo wa Kizungu alilia bila haya. Nyamizi akacheka. "Msikie. Mtu mzima, analia kama mtoto aliyenyimwa maziwa!" Hata Limi alitabasamu.

Kisha Nyamizi akamwona daktari anapita mbio na sindano, na watu nyuma yake wamebeba maji ya moto. Kicheko kikamkauka. Kumbe anayelia ndiye anayefuatwa. Akarudi mkekani, akamtoa Limi nguo mdomoni.

"Lia, mwanangu."

"Ulisema nisilie, mayu."

"Mama yako nimekosa. Lia."

Limi akafungua mdomo, sauti haikutoka. Nguvu zilikuwa zimemwisha.

Basi akalia mama. Alisimama katikati ya uwanja, mtu mzima na heshima zake, akapiga mayowe mpaka wapagazi wakatua mizigo. Dirisha la nyumba ya matofali likafunguka. Daktari akamtazama usoni, akalifunga.

Stanslaus akaja. "Shikamoo, mama. Daktari anasema unyamaze, unamsumbua bibi."

"Mwanangu anakufa."

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Stanslaus akageuka, akarudi kwenye nyumba ya matofali.

Jua lilipokuwa linashuka daktari alikuja bandani, mikono imenawishwa, mke wa msimamizi amepata mtoto wa kiume. Limi alikuwa amekwisha kufa, na wake hakuzaliwa. Daktari akatoa kalamu na karatasi.

"Mbona hakusema anaumwa? Muulize mama yake."

Stanslaus aliuliza kwa Kisukuma. Nyamizi hakuinua macho kutoka kwa binti yake.

"Yeye nilimnyamazisha mimi, na kosa hilo nitazikwa nalo. Lakini mimi nililia. Mwambie alinisikia, akafunga dirisha."

Stanslaus alitazama viatu vyake. Alikuwa na mke na watoto watatu, na kazi nyingine hakuwa nayo.

"Anasema asante, bwana."

Kiswahili cha Nyamizi kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno lile alilijua. Akainuka, akamshika daktari mkono wenye kalamu.

"Hapana asante," akasema. "Mimi nalia, wewe nasikia. Wewe nasikia!"

Daktari aliuchomoa mkono wake, akaupangusa kwa leso.

"Mtoe nje huyu," akamwambia Stanslaus. "Ana kelele."