Maji ya Kupoza Kompyuta ya Mwalimu Philomena

Mwaka ule wa mgao mkali wa umeme, mkoa wa Manyara ukiwa na miaka minne tu tangu umegwe kutoka Arusha, mwanamke mmoja aliingia kwenye karakana ya Hermani pale Katesh akauliza kama yeye ndiye fundi wa rejeta.

"Ndiye mimi," akasema Hermani bila kuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya rejeta ya lori, anaziba tundu. "Gari liko wapi?"

"Si gari, Fundi. Ni kompyuta. Inachemka."

Hapo akainua kichwa. Alimfahamu kwa sura. Alikuwa Mwalimu Philomena, mjane aliyestaafu ualimu mwaka uliopita, akanunua kamera na kompyuta, akaanza kupiga video za harusi, za kipaimara na za mazishi. Mwanzoni watu walimcheka, mama mtu mzima na kamera begani. Baadaye wakazoea, hata wakawa hawaoi bila yeye. Hermani mwenyewe alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne, mke wake alifariki siku nyingi, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabika.

"Mimi najua maji na shaba tu, Mwalimu. Kompyuta sijui hata inafungukia wapi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Ninachotaka ni maji na shaba."

Akavuta kigoda akaketi, akaeleza. Sista Perpetua, mkunga aliyezalisha wanawake wa Hanang kwa miaka arobaini, alikuwa anaondoka Jumamosi kwenda kupumzika kwenye nyumba ya masista wazee huko Mbulu. Philomena alikuwa amezunguka miezi miwili na kamera yake, Endasak, Bassotu, Hirbadaw, mpaka kwenye maboma ya Wabarbaig kule tambarare, akiwarekodi watu waliozaliwa mikononi mwa Sista. Kila mmoja alisema neno lake la kumuaga, wengine kwa Kiiraqw, wengine kwa Kibarbaig, wengine kwa Kiswahili. Alitaka Sista aione filamu hiyo kabla hajapanda gari.

Jina la Sista lilipotajwa, Hermani alitazama pembeni. Philomena aliona, lakini hakuuliza.

Wakaenda nyumbani kwake. Philomena akafungua ubavu wa kompyuta, akamwonyesha feni ndogo iliyojaa vumbi la Katesh, na chini yake kile kidude kinachofikiri, prosesa, kisichozidi ukubwa wa kiberiti.

"Filamu ni ya saa mbili," akasema. "Picha nimeshazikata na kuzipanga. Imebaki kazi ya mwisho, kuziunganisha zote ziwe kitu kimoja. Mimi naiita kuivisha. Inachukua saa tisa. Na umeme wetu unakuja saa moja asubuhi, unaondoka saa nane mchana. Ukikatika katikati, kazi inaanza upya kama vile sijafanya kitu."

"Kodi jenereta."

"Nilikodi. Likaniunguzia kifaa." Akavuta pumzi. "Sebastiani, mtoto wa dada yangu, yuko chuo Dar es Salaam. Amenielekeza kwa simu jinsi ya kuilazimisha prosesa ikimbie kuliko mwendo iliopangiwa kiwandani. Saa tisa zinakuwa sita na nusu. Nikajaribu. Dakika kumi tu, ikawa moto kama kikaango, ikajizima. Anasema wenye kazi hizi huko duniani wanaiwekea kijisanduku cha shaba mgongoni, maji yanapita ndani, yanaondoka na joto."

"Kama injini."

"Kama injini, Fundi."

Hermani aliinama akakitazama kidude kile kwa muda mrefu. Akavunja kijiti cha ufagio, akapima upana na urefu. Hakusema atatengeneza wala hatatengeneza. Akaaga, akaondoka na kijiti chake.

Siku ile ilikuwa Jumatatu. Kesho yake alichukua kichwa cha chuma chake cha zamani cha kulehemu, pande zito la shaba nyekundu alilolitumia tangu aanze kazi, akakikata kwa msumeno. Akatoboa njia za maji ndani yake, zinakwenda na kurudi kama matuta ya shamba. Mfuniko akaukata kwenye shaba ya njano ya rejeta mbovu, akaulehemu, akaweka vijibomba viwili, kimoja cha kuingiza maji na kimoja cha kuyatoa. Kisha akakizamisha kwenye beseni akapuliza kwa mdomo mpaka mashavu yakamuuma. Hapakutoka hata kipovu kimoja.

Jumatano asubuhi walikifunga juu ya prosesa kwa boliti nne. Pampu hawakuwa nayo, lakini Hermani alikuwa ameshafikiri. Ndoo ya maji ikawekwa juu ya kabati, mpira ukashuka mpaka kwenye kijisanduku, mwingine ukatoka hapo mpaka ndoo ya chini sakafuni. Ya juu ikiisha, mtu anabadilisha. Philomena akawasha, akaikimbiza mashine, wakakodolea macho namba za joto kwenye kioo. Sitini. Sabini. Themanini na tano. Kioo kikawa cheusi.

Hermani akatia kidole kwenye ndoo ya chini. "Maji yametoka baridi kama yalivyoingia," akasema. "Moto hauingii kwenye shaba."

Akakifungua kijisanduku, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ile dawa nyeupe ya kupitisha joto waliyopaka kati ya shaba na prosesa ilikuwa imebanwa pembezoni tu. Katikati ilikuwa nene, haikuguswa. Shaba ilikuwa imebonyea, kidogo kiasi ambacho jicho halioni.

"Kwangu ilikuwa imenyooka," akasema taratibu. Alikuwa mtu aliyezoea kazi yake isirudi. Akakifunga kijisanduku kwenye kitambaa, akatoka bila kuaga, na Philomena akabaki amesimama katikati ya ndoo mbili, hajui kama fundi atarudi.

Alhamisi asubuhi alimfuata karakana. Alimkuta ameweka kipande cha kioo cha dirisha juu ya meza, juu ya kioo amelaza msasa uliolowa maji, na juu ya msasa anaizungusha shaba, mizunguko midogo midogo, polepole, kama mtu anayesaga dawa. Macho yalikuwa mekundu.

"Kioo hakidanganyi," akasema kabla hajasalimiwa. "Mkono wangu unadanganya, kioo hakidanganyi."

"Habari za asubuhi, Fundi."

"Nzuri, Mwalimu. Samahani kwa jana."

Philomena akaketi upande wa pili wa meza. Hermani alipochoka alimpa, naye akasaga. Wakapokezana hivyo, huku upepo wa Katesh ukipiga mabati na kuwatupia mchanga mlangoni. Baada ya muda Philomena akauliza, "Una neno gani na Sista Perpetua? Kila nikimtaja unatazama pembeni."

Hermani akaumwagia msasa maji.

"Tulikuwa tunakaa Hirbadaw," akasema. "Mke wangu, Marieta, akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Sista akaja na gari la misheni kumchukua. Njiani rejeta ikatoboka. Sista akamimina maji yote tuliyokuwa nayo, hata ya kunywa. Yakavuja. Tukasimama pale porini, jua kali, hakuna gari linalopita. Akamzalisha Marieta pale pale, kwenye kivuli cha gari. Mtoto akatoka mzima. Marieta damu ikakataa kukatika."

"Pole, Hermani." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

"Nilimfokea yule mama. Nilimwambia, umemuua mke wangu. Alikuwa amemshika mtoto wangu mikononi, gauni lake lote damu, nami nikamwambia hivyo. Hakujibu kitu." Akapangusa mikono. "Baadaye nikauza ng'ombe, nikaenda Babati kujifunza kuziba rejeta. Mtoto akalelewa na bibi yake. Ni Clement, sasa yuko chuo cha ualimu Singida. Miaka ishirini na miwili sijawahi kumwambia Sista hata asante. Nikimwona barabarani nageuza njia."

Mkono wa Philomena ulikuwa umesimama juu ya msasa. Akafungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, akaufunga.

"Nenda kamwambie," akasema hatimaye.

"Neno likikaa mdomoni muda wote huo linaoza, Mwalimu."

"La lawama linaoza. La shukrani halina siku."

Wakaendelea kusaga mpaka shaba ikawa inaonyesha sura zao.

Ijumaa saa moja na dakika tano umeme ulikuja. Philomena akaikimbiza mashine, akabonyeza, kazi ikaanza. Arobaini. Arobaini na nne. Arobaini na nane. Namba ikasimama hapo. Hermani akatia kidole kwenye ndoo ya chini, akatabasamu. Philomena hakuwa amewahi kuyaona meno yake.

"Ya uvuguvugu," akasema. "Sasa anapumua."

Asubuhi yote wakawa watumwa wa ndoo. Kila baada ya dakika ishirini ya juu iliisha, wakaipandisha ya chini. Walipoona maji yanapata joto, waliyamwaga kwenye migomba wakachota mapya. Katikati ya safari hizo waliongea. Philomena alisimulia habari za marehemu mumewe, aliyependa kuimba na hakujua kuimba. Hermani alicheka mpaka akamwaga maji miguuni. Saa tano mpira uliteleza kwenye kijibomba, tone moja likaning'inia juu ya waya. Hermani akaudaka kwa mikono miwili, akaukandamiza, asithubutu hata kukohoa, mpaka Philomena alipoleta waya mwembamba akaufunga kwa kuuzungushia mara tatu. Walikuwa wamekaribiana mno, na kazi ilipoisha hakuna aliyefanya haraka kusogea.

Saa nane kasoro robo mashine ikaandika kwamba imemaliza. Philomena akachoma DVD huku akisali kwa sauti. Aliitoa, akaikagua kwenye mwanga, na hazikupita dakika tatu umeme ukaondoka.

Akaitia kwenye bahasha, akampa Hermani.

"Ipeleke wewe."

"Mimi? Kazi ni yako. Tena nina mikono michafu."

"Nawa," akasema Philomena. "Masista wana umeme wa jua, awekewe ukiwa hapo hapo. Usitoke mpaka iishe. Uniahidi."

Hermani alinawa, akanawa tena. Kutoka pale mpaka nyumba ya masista ni mwendo wa robo saa. Yeye alitumia karibu saa nzima. Mara mbili alisimama, na mara moja aligeuka kabisa kurudi.

Sista Perpetua alikuwa amekaa varandani, sanduku lake limeshafungwa. Alikuwa amekonda, mgongo umepinda.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba." Akamtazama. "Wewe ni Hermani wa Hirbadaw."

Hermani alikuwa amepanga maneno njiani. Yote yalimpotea. Akapiga magoti pale varandani, mtu mzima na mvi zake.

"Nilikufokea, Sista. Ulimwokoa mtoto wangu, nikakufokea."

Yule mama mzee akamshika kichwa kama anavyoshikwa mtoto. "Na mimi kila nikipita karakana yako nilitaka kusimama," akasema. "Nikafikiri, nikisimama nitamtonesha kidonda. Kumbe tulikuwa tunaogopana wawili. Inuka. Inuka, mwanangu, sakafu hii ina baridi."

Wakaingia ndani, DVD ikawekwa. Ukaja mlima Hanang na ukungu wake, kisha watu. Mzee wa Bassotu na mapacha wake, mama wa Kibarbaig na bangili zake za shaba, msichana wa sekondari aliyeshindwa kusema kwa kulia. Sista aliwataja kila mmoja kwa jina la mama yake. Halafu akatokea kijana mrefu, amevaa shati jeupe, nyuma yake uwanja wa chuo. Hermani akashika mkono wa kiti.

"Sista, shikamoo," akasema yule kijana. "Mimi ni Clement, mtoto wa Marieta. Najua nilizaliwa njiani, bibi alinisimulia. Mama yangu hakuniona vizuri, lakini ulinishika wewe, kwa hiyo sikuzaliwa bila kushikwa. Asante. Na baba akikuona ukipita, naye anakushukuru. Hajui tu kusema. Kwetu sisi baba anasema kwa mikono."

Sista akageuka kumtazama Hermani. Hermani alikuwa amejifunika uso kwa mikono hiyo hiyo, mabega yanatikisika. Sista akavuta kiti chake karibu, wakaitazama filamu iliyobaki bega kwa bega.

Jua lilikuwa linaegemea mlima aliporudi kwa Philomena. Alimkuta anakausha kijisanduku kwa kitambaa.

"Ulijua," akasema.

"Tangu jana, uliponitajia jina. Nilimrekodi mwezi uliopita, nilipokwenda Singida."

"Mbona hukuniambia?"

"Lilikuwa neno lake, si langu."

Hermani akaketi. Akaomba simu ya Philomena, akampigia Clement, akaongea naye muda mrefu kuliko walivyowahi kuongea, zaidi ikiwa ni kunyamaza. Philomena alitoka jikoni na chai, akaona bado wanaongea, akarudi nayo isipoe.

Kesho yake wote wawili walisimama pembeni ya barabara gari la Sista lilipoondoka kuelekea Mbulu. Sebastiani alipowasimulia wenzake chuoni, wawili wakaagiza vijisanduku kama kile, na Hermani akavitengeneza, kila kimoja akikisaga juu ya kioo. Philomena alikuwa akija kupokezana naye. Pasaka iliyofuata wakafunga ndoa, Clement akiwa msimamizi wa baba yake. Kwa kuwa bibi harusi hangeweza kujipiga video mwenyewe, kamera aliishikilia Clement, na picha nyingi zilitoka vichwa vimekatwa, lakini Philomena aliziivisha zote, hakuitupa hata moja.