Ghala Lilipojaa

Vihisi arobaini, kila kimoja kidogo kuliko kiberiti, vilitundikwa kwenye nguzo za ghala la mahindi vikipima joto na unyevu. Binti alikuwa akilinganisha njia mbili za kupokezana taarifa, kihisi kwa kihisi, mpaka kwenye kompyuta ya mlangoni: ya zamani, inayokula betri, na mpya aliyoisumbukia mwenyewe miaka minne. Yake ilibana matumizi ya betri na kufikisha taarifa tisini na saba kwa mia. Zilibaki siku tisa aitetee tasnifu yake ya udaktari mbele ya jopo.

Shangazi yake, ambaye ndiye mtunza ghala, alizitazama chati kwa miwani ya kuazima.

"Ulipima lini, mwanangu?"

"Mwezi wa pili, Shangazi."

"Mwezi wa pili humu mlikuwa na nini? Wewe na panya."

Binti alinyong'onyea. Sasa magunia yalikaribia paa, na mawimbi ya redio hupenya mahindi kwa shida. Msimamizi wake wa chuoni alimwambia kwenye simu asijitafutie balaa, apeleke alichonacho. Angeweza, wala hakuna ambaye angejua. Lakini shangazi alikuwa na goti bovu, na bado kila asubuhi alipanda juu ya magunia kutia mkono apime joto, akisubiri siku atakayoambiwa mashine zinatosha.

Akapima upya, siku sita, leo njia hii, kesho ile. Kumbe njia yake, kwa ubahili wake, iling'ang'ania vihisi vilevile vichache. Magunia yakikiziba kimoja, kona nzima inakuwa bubu. Ilifikisha hamsini na nne. Ya zamani ilihangaika huku na huku hadi ikapata upenyo: tisini na moja. Iliuma. Alilia kidogo, akapangusa uso, akaandika upya sura nzima ya matokeo.

"Kwa hiyo njia yako imeshindwa?" aliuliza mwenyekiti wa jopo.

"Imeshindwa, Profesa. Na ninaweza kuwaonyesha inashindwa wapi na kwa nini."

Msimamizi alikodolea macho viatu vyake.

"Ungekuwa wewe mwenye ghala, ungefunga ipi?"

"Ya zamani. Niliifunga jana, yangu nikaizima."

Mwenyekiti aliandika kitu, akainua kichwa.

"Hilo la kuizima," alisema, "liongeze kwenye hitimisho, Daktari."