Filimbi ya Mwalimu Skola

Siku ya kumzika Mwalimu Skolastika, Leokadia alimaliza kwanza kuosha karoti zake mtoni, maana lori la Dar halingojei msiba. Kisha akajifunga khanga mbili, akapanda kilima mpaka makaburini, juu kidogo ya shule ya sekondari. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye matuta ya kabichi. Mwalimu Skola alifundisha mpira wa pete pale Mgeta tangu akiwa binti mpaka mvi zikamjaa, na karibu kila mwanamke aliyesimama pale aliwahi kukimbizwa naye kwenye ile miteremko.

Padri alipofungua kitabu, mtani akatokea. Alikuwa Maneno, fundi baiskeli, Mzigua. Mzigua kwenye msiba wa Mluguru ana ruhusa yake, kwa hiyo hakuna aliyemzuia alipoinyakua filimbi iliyowekwa juu ya jeneza.

"Mluguru huyu!" akapaza sauti. "Kanikimbizia mke wangu jioni zote, nakula ugali umepoa! Leo namkimbiza yeye!"

Watu wakacheka na machozi yao. Maneno akajaza mashavu, akapuliza.

Wanawake wakaanza kukimbia.

Hakuna aliyeamua. Miguu iliondoka yenyewe, magoti juu, viwiko mbavuni, kama ilivyofundishwa. Muuguzi wa zahanati alikimbia. Mpishi wa padri alikimbia na mwiko wake. Bibi Chausiku, aliyeletwa ameshikwa mikono na wajukuu, aliwaachia fimbo akawapita. Baadaye ilijulikana kwamba huko Msamvu mkata tiketi mmoja aliwaacha abiria dirishani akashika njia ya mlimani, na kule Gairo mama mmoja alitoka sokoni mbio na sinia la karanga kichwani, na karanga hazikumwagika.

"Na mke wangu tena!" Maneno akalalamika.

"Waache wapashe misuli," alisema padri, akaweka kidole kwenye ukurasa wake asipotee.

Leokadia peke yake alibaki amesimama, anaitazama miguu yake. Yeye alikuwa mfungaji wa timu, kidato cha tatu, mpaka wiki ile ya mashindano ya mkoa alipopimwa akakutwa na mimba. Alitolewa shule siku hiyohiyo. Kijana aliyempa mimba, Innocent, alibaki darasani, akamaliza, akasomea ualimu, na sasa ndiye mkuu wa shule ileile. Alikuwa amesimama mbele ya waombolezaji na tai nyeusi. Mwalimu Skola alikataa kumweka mtu mwingine. Aliingiza timu pungufu uwanjani, wakafungwa vibaya, akarudi anasema nafasi ya Leokadia ina mwenyewe.

Sasa Leokadia alitaka kujua jambo moja tu: filimbi ile inamhesabu, au haimhesabu?

Jeneza likagongwa kutoka ndani.

"Leokadia," ikasema sauti ya Mwalimu Skola, kwa ukali wake wa uwanjani, "unangoja kadi ya mwaliko?"

"Naja, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Magoti juu!"

Miguu ikafyatuka. Khanga moja ikabaki kwenye miba. Aliteremka kilima kwa njia ambayo hata mbuzi huifikiria kwanza, akampita mpishi, akampita muuguzi, akampita Bibi Chausiku.

"Pita, mchokozi wee!" bibi akacheka. "Kipindi cha pili nakukamata!"

Waliingia getini mwa shule wote kwa mkupuo. Mpira ulikuwa katikati ya uwanja, wakagawana pande mbili bila kuulizana, na karibu na goli ikaachwa nafasi moja wazi. Leokadia akasimama hapo. Mpira ukamjia. Akaruka, akarusha, ukazama.

"Mpe Leo! Mpe Leo!"

Akarusha tena, ukazama. Alipokosea kidogo, pete iliinama ikaudaka. Kule makaburini kelele zilipasua mlima. Wabebaji waliligeuza jeneza ili mwenyewe aone vizuri, na padri alishangilia pande zote mbili, kwa haki. Leokadia alikuwa anacheka kwa sauti, kifua kinawaka, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, na alipofunga la mwisho wakambeba juujuu wakapanda naye mpaka kaburini. Mwalimu Skola akazikwa, watu wakala, wakatawanyika.

Tangu hapo kila jioni miguu ya wanawake wale huondoka yenyewe. Mgeta wamezoea, madereva wa malori huzima injini, wakangoja wamama wapite. Shule imeanzisha kombe la Mwalimu Skola, na Mwalimu Innocent alihutubia vizuri sana siku ya uzinduzi. Alisema marehemu alikuwa mama wa kila binti. Halafu akatoa tangazo kwamba uwanja ni wa waliomaliza shule pale.

Leokadia hukimbia na wenzake mpaka getini. Wenzake huingia. Rashidi, mlinzi, hunyoosha mkono.

"Dada Leo, wewe hapana. Si mimi, ni mkuu."

"Najua, kaka."

Miguu haisimami. Ndani wanacheza, nafasi moja iko wazi karibu na goli, na yeye anakimbia palepale nje ya geti, magoti juu, viwiko mbavuni, mpaka giza liingie. Rashidi humwaga maji pale chini, vumbi lisimpalie.