Sauti ya Jamna Ilipohamia Kota

Matokeo yalipotoka, saa nne asubuhi, Jamna alikuwa uani anakata mikia ya vitunguu saumu. Mwaka ule bei ya saumu ilikuwa imeanguka vibaya. Wakulima wengine wa wilaya yao ya Baran walikuwa wanamwaga magunia barabarani, lakini baba yake, Nathulal, alisema kitu kikishavunwa lazima kikatwe mikia, kiuzwe kisiuzwe. Rukma, binti wa jirani, alikuja mbio na simu ya kwao mkononi.

"We, umekuwa wa kumi na saba."

"Shuleni?"

"Shule gani? Nchi nzima, mjinga wewe."

Jamna akaweka kisu chini. "Na wewe?"

"Nimekosa. Alama kumi na moja." Rukma akavuta gunia, akakaa, akachukua kisu cha pili. Wakakata mikia mpaka gunia likaisha.

Wote wawili walikuwa wamejiandaa kwa mtihani ule wa kuingia udaktari kwa vitabu vilevile. Walivinunua kwa kilo kwa mtu wa makaratasi chakavu pale stendi. Yeye alikuwa anavitoa Kota, ule mji wa tuisheni, kila mwezi wa tano, watoto wakishafungasha na kurudi kwao. Pembeni vilikuwa na mwandiko wa watu wasiowajua. Kwenye kile cha baiolojia, ukurasa wa mia mbili na tisa, mtu alikuwa ameandika: "Hapa usikariri, chora." Walichora.

Saa saba mchana magari matatu yalikuwa mlangoni kwa Nathulal, kila moja la kituo chake cha tuisheni. Mawili yaliondoka. La tatu lilikuwa la wakala anaitwa Pareek, aliyekuja na kilo mbili za vitamu vya laddu na shati la sare, la buluu, saizi ya Jamna kabisa. Hakuna aliyeuliza saizi aliijuaje.

"Hongera kwa mwanafunzi wetu," alisema Pareek.

"Hajawahi kuwa mwanafunzi wenu," alisema Nathulal.

"Mzee wangu, hilo dogo."

Akatoa kitabu cha risiti, akaandika kwamba Jamna alijiandikisha masomo ya posta mwezi wa saba mwaka jana, ada rupia moja. Akatoa rupia moja mfuko wa kushoto, akaitia mfuko wa kulia. Kisha akatoa mkataba wa kurasa mbili. Kituo kinachukua sura na sauti ya Jamna kwa matangazo, na kinatoa laki mbili.

Chuo cha udaktari kilikuwa kinataka laki moja na nusu kabla ya mwisho wa mwezi. Nathulal aliangalia magunia ya saumu ukutani, akaanza kuhesabu, akaacha. Jamna akaweka sahihi. Mama yake alitundika shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, Jamna akavaa shati la buluu, akasimama mbele yake na kucheka kama alivyoambiwa, Pareek akampiga picha.

Bango lilipandishwa Jumapili, kwenye kipilefti kilicho mbele ya kituo, refu kama nyumba ya ghorofa tatu. Siku hiyo, wakati wa kula, Jamna alitaka kumwambia mama yake kwamba dengu zimezidi chumvi. Mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu. Dakika ileile huko Kota, kilomita sabini, bango lilisema juu ya magari: "Mama, dengu zimezidi chumvi." Mishrilal, muuza kachori wa chini ya bango, alionja sufuria yake, akaona iko sawa, akaendelea kukaanga.

Nathulal alimpigia Pareek.

"Ukurasa wa pili, mzee," alisema Pareek. "Sura na sauti. Sura tumechukua nakala tu, yake tumemwachia. Wenzetu wengine hawaachi."

"Na sauti atarudishiwa lini?"

"Hapo hatukuandika."

Mama yake Jamna alinunua ubao mdogo wa shule na chaki, akautoboa tundu, akautia kamba ili binti autundike shingoni. Nyumba ikazoea.

Bheru, baba yake Rukma, aliliona bango kwenye gazeti lililofungia sabuni. Aliliangalia muda mrefu. Jioni alimwita mchuuzi wa mifugo aje awaone nyati wake wawili wa maziwa. Jamna alisikia, akavuka ua bila viatu, akaandika ubaoni, na kwa kuwa Bheru hakujua kusoma, Rukma ndiye aliyesoma kwa sauti.

"'Baba mdogo, usiuze nyati. Mimi sikusoma kule. Rukma abaki nyumbani mwaka mmoja, nitakuwa namtumia kila ninachojua. Alama kumi na moja tutazipata.'"

Bheru alicheka kidogo. "Aliyefika darini anavuta ngazi."

Jamna akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mimi sikulaumu. Hata mimi ningevuta. Lakini picha yako ninayo hapa, umevaa nguo zao na unacheka. Niamini ubao au niamini meno?"

Rukma alimsindikiza Jamna mpaka kwenye kizingiti.

"Vitabu tulisoma vilevile, sivyo?" alisema. "Taa ileile. Wewe wa kumi na saba, mimi nje. Basi vitabu si sababu. Kuna kitu sina. Pengine kule kinauzwa."

Jamna akapiga kelele kwamba hakiuzwi. Kule Kota, bango likapaza sauti mara tatu: "Hakiuzwi! Hakiuzwi! Hakiuzwi!"

"Zinauzwa, dada," Mishrilal akajibu bila kuinua kichwa. "Rupia kumi na mbili moja."

Nyati waliondoka Alhamisi. Jumatatu Bheru na Rukma walikuwa Kota kwenye foleni ya kuandikishwa, iliyozunguka kipilefti chote. Nyumbani Jamna alikuwa amekaa uani tangu alfajiri, anasema bila kusikika. Bango likawa linasema: "Baba mdogo Bheru, rudi nyumbani. Mimi hapo sikukanyaga hata siku moja. Picha nilipigwa uani kwetu, nyuma yangu ni shuka la mama."

Foleni nzima iliinua vichwa.

"Mtoto ana adabu huyu," alisema mama mmoja aliyetoka Jhansi. "Wa kumi na saba, na hajisifu hata kidogo."

"Wangu angekuwa ameshanunua miwani ya jua," alisema mwingine.

"Mimi ndiye Bheru," alisema Bheru. "Ananisalimia mimi. Jirani yangu."

Watu walimpisha. Pareek mwenyewe alitoka nje, akamshika mkono, akampunguzia asilimia kumi kwa sababu ya ujirani. Bheru akaweka dole gumba kwenye wino.

Kituo kilikuwa na makundi ishirini na nne. Watoto walipimwa wiki ya kwanza na kupangwa. Kundi la kwanza lilikuwa na watoto arobaini, hawakulipa kitu, na waalimu wote wakubwa walifundisha pale. Rukma aliwekwa la ishirini na mbili. Walikuwa mia tatu kwenye ukumbi mmoja, na mwalimu wao alikuwa kijana aliyekosa mtihani uleule mara nne, anawasomea kitabu kwenye kipaza sauti. Kutoka kiti cha Rukma alionekana mdogo kama kiberiti. Kitabu kilikuwa kilekile. Ukurasa wa mia mbili na tisa ulikuwa safi, haujaandikwa na mtu.

Rukma alimtumia Jamna ujumbe kwa simu. "Nimeelewa kazi inavyokwenda. La kwanza linafaulu, sisi tunalilipia." Kisha wa pili. "Usimwambie baba. Ameshaanza kuniita daktari mbele ya watu."

Jamna alikuwa ameshaanza chuo, Udaipur. Waalimu wa pale hawakuona shida na ubao wake. Siku ya mtihani wa mdomo mtahini alipiga simu kwa Mishrilal, akamwomba aisogeze simu karibu na bango. Jamna alijibu maswali tisa kati ya kumi. Jibu la sita lilirudiwa kwa sababu ya honi za basi.

Aliposoma ujumbe wa Rukma, Jamna alifunga mlango wa chumba chake na kuanza kufundisha. Kila siku saa kumi na mbili jioni, makundi ya chini yanapotoka, bango lilieleza moyo, figo, chembehai, polepole, jinsi walivyokuwa wanaelezana uani. "Rukma, hapa usikariri, chora," lilisema. Rukma alikaa ukingoni mwa kipilefti na daftari. Siku ya tatu walikaa watoto kumi, mwezi wa pili wakawa mia nne, na trafiki alihamisha njia ya malori. Kwenye mitihani ya mazoezi ya Jumapili Rukma alipanda kutoka kundi la ishirini na mbili hadi la kumi na tano, halafu la tisa. Alituma ujumbe: "Zile kumi na moja nimezipata. Nimepata na saba za juu."

Wiki iliyofuata kituo kiliweka uzio wa mabati kuzunguka bango, viti vya plastiki ndani na mtu wa tikiti mlangoni. Darasa likapewa jina na kuongezwa kwenye ada ya kila mtoto wa makundi ya chini, aende asiende. Elfu kumi na nane. Kundi la kwanza waliingia bure. Bheru alipigiwa simu, na mwezi huo aliuza kipande cha shamba kilichopakana na mfereji.

Jamna alipoambiwa, alinyamaza. Alikaa wiki tatu bila kufungua mdomo, asije akauzwa zaidi. Ndani ya uzio watoto walikaa mbele ya bango kimya kwa saa moja na nusu, wakasainishwa mahudhurio, wakatoka. Ada haikupungua. Rukma akatuma: "Sema tu. Ukisema tunalipa, ukinyamaza tunalipa." Jamna akaanza tena kusema, lakini wiki tatu ni nyingi, na Rukma alikuwa ameshaanza kukaa macho mpaka asubuhi na kutapika chai. Kundi la tisa likawa la kumi na sita. Nywele zake zilikuwa zinabaki kwenye mto. Alizikusanya kwenye bahasha ya kituo, kwa sababu mama yake alimfundisha kwamba nywele hazitupwi ovyo.

Mwezi wa sita matokeo yalitoka. Rukma alikosa kwa alama ishirini na tatu.

Bheru alikuja Kota na begi tupu la kubebea vitu vya Rukma. Pareek alimkalisha, akaagiza chai.

"Mzee, wanaorudia tunawapunguzia asilimia thelathini."

"Mwaka jana alikosa kumi na moja akiwa nyumbani," alisema Bheru. "Mwaka huu ishirini na tatu. Hapo mimi sielewi."

"Ni mtihani ulikuwa mgumu. Bila sisi angekosa hamsini."

Bheru alinywa chai yote. Akamwangalia Rukma, aliyekuwa anaangalia sakafu. "Daktari," alimwita, "unasemaje?"

Rukma alifikiria ua wa kwao, nyati wasiokuwepo, shamba lililoishia mbali na mfereji. "Narudia, baba," alisema. Begi likarudi Baran bado tupu.

Wiki ileile mafundi walipanda bango na gundi. Mwaka ule, aliyekuwa wa nne nchi nzima ni mvulana wa Malegaon, Tauseef, aliyefundishwa na mama yake, mwalimu wa chekechea, na mkataba wake ulikuwa wa kurasa mbili vilevile. Walimbandika juu ya Jamna. Siku ya kwanza alisema yeye Kota hajawahi hata kupita kwa treni, na foleni ikasema huyu naye ana adabu. Uzio ulibaki. Viti viliongezwa.

Sauti ya Jamna haikumrudia mwenyewe kule Udaipur. Ilibaki chini ya karatasi, imefifia kama mtu anayesema ndani ya blanketi, na kwa kuwa haikusikika vizuri hakuna aliyeikatia tikiti tena.

Miaka ikaenda, karatasi zikaongezeka. Jamna akafika mwaka wa kuanza kuzunguka wodini. Alikuwa anaandika ubaoni, akimwonyesha mgonjwa, na bila kujua mdomo wake ulikuwa unatamka yale anayoandika. Maswali yalikuwa yaleyale mawili, kitanda hadi kitanda.

Kule kipilefti, kila asubuhi saa mbili, kutoka chini ya sura tatu za watoto waliofaulu, sauti ndogo iliuliza: "Unaumwa wapi?"

"Mgongo, daktari," alijibu Mishrilal, anageuza kachori.

"Tangu lini?"

"Tangu niwajue nyie."

Rukma alipita pale akienda darasani, mwaka wake wa nne, kundi la ishirini na nne. Kila siku alipita mbio. Siku moja alisimama, begi mgongoni, kofia ya sufu kichwani japo ilikuwa joto.

"Unaumwa wapi?" iliuliza sauti.

Rukma akaweka mkono kifuani, akautoa, akaweka tumboni, akautoa. Akauweka kichwani, juu ya ile kofia. "Hapa," alisema. "Na hapa. Jamna, na hapa pia."

"Tangu lini?"

Kengele ya kituo ikalia. Wanaochelewa hukatwa mahudhurio. Rukma alikaza mkanda wa begi, akaonyesha kadi yake mlangoni, akaingia.