Na Nani?

Bibi Ushuhuda hakuhitaji miwani wala karatasi ili kusimulia habari yake. Aliijua kama mtu anavyoijua njia ya kwenda chooni gizani. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya misheni, alipanda mimbarani akaisimulia, na kila mwaka watu walicheka palepale na kufuta machozi palepale. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kadi ya kliniki tu. Kwingine kote, hata dukani, alikuwa Bibi Ushuhuda.

Mwaka huu kanisa lilikuwa linatimiza miaka mia, na habari ile ilitakiwa kuingia kitabuni. Basi Jumatano asubuhi alikuwa ameketi katika ofisi ya kanisa, kwenye kiti cha mbao chenye mguu uliofungwa waya, akimsimulia mjukuu wake aliyekuwa karani pale. Mjukuu alichapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama chini, jambo ambalo Bibi aliliona kama uchawi uliobarikiwa.

"Tulikuwa wanafunzi wa uuguzi, mimi na mwenzangu," Bibi alisema. "Mwandike kwa jina kamili, la ubatizo na la baba yake. Tukaiba shuka za hospitali, kila mtu moja. Yangu nikajishonea gauni. Jumapili nikapita nalo mbele ya Sista Mkuu wa hospitali nikijiona malkia, kumbe mgongoni muhuri ulikuwa bado unasomeka: WODI YA WANAUME."

Mjukuu akaangua kicheko.

"Hapo ndipo wanapocheka," Bibi alisema kwa kuridhika. "Acha nafasi."

"Kitabuni hatuachi nafasi ya kicheko, Bibi."

"Basi weka nukta nyingi. Bahati yangu Sista alikuwa haoni mbali. Haya, uamsho ukafika. Nikasimama mbele ya kanisa nikatubu. Ndugu wakaniuliza, 'Na nani?' Nikamtaja. Kanisa zima likaimba."

Vidole vya mjukuu vikasimama.

"Halafu yeye akaenda wapi?"

"Nani?"

"Huyo mwenzako."

"Misheni ilimfukuza chuo."

"Lini?"

"Siku ileile."

"Na wewe?"

"Mimi nilisamehewa. Nilikuwa nimetubu, mama."

Mjukuu alikuwa anaitazama ile mistari kwenye kioo cha kompyuta kama mtu anayetafuta nzi kwenye maziwa. Bibi akajikuna shingo. Miaka sitini alikuwa akiisimulia habari hii, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali baada ya pale wanapoimba.

Kuuliza "na nani?" ndiyo ilikuwa desturi ya ndugu wa uamsho wa pale. Dhambi iliyofanywa na wawili, walisema, ikitubiwa na mmoja inabaki nusu gizani. Kwa hiyo mtu alipomaliza kujieleza, kanisa lilimwitikia kwa sauti moja: "Na nani?" Asipojibu, hakuimbiwa. Aliyetajwa alivutwa mbele, awe tayari au asiwe tayari.

Lakini Bibi asingeweza kuutukana uamsho. Alikuwa ameyaona mambo kwa macho yake. Watu walirudisha majembe ya jirani, vikombe vya misheni, hata misumari ya bati iliyong'olewa kwenye paa la shule. Daktari wa Kizungu alipiga magoti mbele ya mfagiaji wa hospitali akamwomba radhi kwa kumwita kwa mluzi miaka minane, na tangu siku hiyo wakanywa chai meza moja. Na baba yake Bibi, ambaye mkono wake ulimjua mke wake kuliko ulivyolijua jembe, alirudi nyumbani akiwa hajalewa, akaketi mlangoni na kulia. Hakumpiga mama tena mpaka alipokufa. Mtu aliyeona hayo humwambii kitu.

Mchungaji akaingia na mafaili kwapani. Alikuwa kijana wa miaka arobaini, mwenye bidii iliyowachosha watu kabla hajaanza kufanya kazi.

"Bibi yetu! Jumapili wewe ndiye dira. Ukimaliza tu, vijana kumi wanapanda kufuata nyayo zako, mmoja baada ya mwingine, na simu zinarusha moja kwa moja. Dunia nzima itatuona."

"Dunia nzima inahusikaje na dhambi za watoto wetu, baba mchungaji?"

"Uamsho, Bibi! Wakati wenu mlikuwa na ngoma na baragumu, sisi tuna simu." Akamwekea karani karatasi mezani. "Nitolee nakala kumi za fomu hii, mama."

Alipotoka, Bibi akainyanyua ile fomu akaisogeza mbali na macho mpaka mkono ukaishia. Ilikuwa na mistari mitatu. Jina. Dhambi. Na nani.

"Hii wameitoa wapi?" aliuliza.

"Kwako," alisema mjukuu.

Bibi hakuhitaji kuuliza mahali mwenzake alipoishi. Alikuwa anapajua siku zote. Nyuma ya soko, mlango wa tatu kutoka kwa muuza mkaa, fundi cherehani wa sare za shule. Alichofanya siku zote ni kutopita njia ile. Alhamisi mchana aliipita.

Chumba kilikuwa chembamba, kimejaa kaptura za bluu zilizokunjwa kwa dazeni. Fundi alikuwa mbele ya cherehani, utepe wa kupimia shingoni, pini tatu mdomoni. Alimtazama mgeni, akazitoa pini moja moja na kuzichoma kwenye mkono wa blauzi yake.

"Karibu," alisema. "Kama umefuata shuka, zimekwisha."

Bibi akabaki mlangoni. "Shikamoo" haikufaa, maana walikuwa rika moja, na "hujambo" ilionekana ndogo mno.

"Keti, usije ukaanguka wakasema nimekuua pia. Hapo, juu ya hizo kaptura. Hazijalipwa bado, zikalie tu."

Bibi akaketi. "Nimekuja..."

"Unajua wateja wangu wananiambia nini?" Fundi akaendelea kunyoosha kitambaa. "Miaka sitini hii, kila baada ya sherehe yenu, Jumatatu mtu anakuja na kitambaa. 'Fundi, mita tatu hizi, nimezipima mwenyewe nyumbani.' Wengine wanacheka wakisema hivyo. Na mimi nacheka. Ningefanyaje? Mtoto wangu alipigana shuleni mpaka akavunjwa jino. Nikamuuliza kisa. Akasema, 'Wameniimbia wimbo wa shuka.'"

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Fundi akakanyaga cherehani, mshono ukakimbia mpaka mwisho wa kitambaa, akakata uzi kwa meno.

"Mimi niliiba, sikatai. Niliichukua shuka ile na nilikuwa nimeshaamua kuirudisha. Nilikwishaifua. Nilikuwa namsubiri Sista Mkuu arudi safari Jumatatu, nimwambie mwenyewe, uso kwa uso, anipe adhabu niipokee. Wewe ukanitubia Jumapili." Akamtazama kwa mara ya kwanza sawasawa. "Dhambi zako ulizitubu, hongera. Zangu ulizitubu kwa ruhusa ya nani?"

Bibi alitaka kusema kwamba kanisa zima lilikuwa linamwitikia, kwamba alikuwa na miaka kumi na minane na moyo unawaka, kwamba walimwambia asipotaja hajaokoka. Yote yalikuwa kweli. Lakini ile ilikuwa mara moja. Zile mara hamsini na tisa za baadaye, nani alimlazimisha? Alikuwa amekipenda kicheko.

"Jumapili nitasimama," alisema hatimaye. "Nitakusafisha mbele yao wote. Nitakutaja na kusema..."

"Ishia hapo hapo!" Fundi aliinua kidole chenye kofia ya chuma ya kushonea. "Unaona? Bado unataka kunitaja. Hata hiyo toba yako mpya uipandishe mgongoni kwangu? Wakuone jinsi ulivyo mnyenyekevu, wapige makofi, na Jumatatu waje hapa kumtazama yule aliyesafishwa?"

"Sasa nifanye nini, dada?"

"Mimi sitaki kuwa habari yako. Ya kunisema vibaya sitaki, na ya kunisema vizuri pia. Ukiweza hilo, basi. Usipoweza, mlango ni huo huo ulioingilia." Akarudisha pini mdomoni, kuonyesha kwamba mazungumzo yamefungwa.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakachungulia madirishani. Askofu alikuwa amekaa mbele. Vijana kumi walikuwa kwenye benchi la kwanza na fomu mikononi, na aliyetangulia alikuwa binti mwenye suka nyingi, aliyeikunja fomu yake mara nne akaikunjua mara nne. Simu tatu zilisimama kwenye miguu ya chuma zikielekea mimbarani.

Bibi alipanda polepole. Kabla hajafungua mdomo watu walikuwa wameshaanza kutabasamu.

"Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi," alisema. "Niliiba shuka ya hospitali, nikajishonea gauni. Muhuri ulibaki mgongoni. Wodi ya Wanaume."

Kicheko kikapanda kama maji ya mafuriko kwenye ngazi. Askofu mwenyewe alishika tumbo. Bibi aliwasubiri. Kilipotulia alisema, "Uamsho ulipokuja, nilitubu."

Na kanisa lote, wazee na watoto, likaitikia kwa furaha lile linalolijua:

"Na nani?"

Jina lilikuwa pale ulimini mwa Bibi, limekaa mahali pake pa miaka yote. Aliona jinsi lingetoka kirahisi.

"Na nani?" waliuliza tena, wakidhani hakusikia. Baadhi wakacheka.

"Hilo si langu kulisema," Bibi alisema.

Mchungaji akainama karibu na kipaza sauti akimnong'oneza, na kanisa zima likasikia: "Bibi, umesahau? Ni yule fundi..."

"Baba mchungaji!" Sauti ya Bibi ilikata kama mkasi. "Nimekula chumvi nyingi lakini sijasahau. Rudi ukakae."

Mchungaji alirudi akakaa.

"Siku ile nilitubu dhambi mbili, na moja haikuwa yangu," alisema Bibi. Akaishikilia mimbari kwa mikono miwili. "Mtu mmoja aliharibikiwa, na ninyi mkaniimbia mimi. Roho wa Mungu alikuwepo siku ile, simkani. Baba yangu aliacha kupiga. Lakini hilo swali lenu ni sisi tuliolitunga. Mimi nimelijibu miaka sitini kwa sababu mlikuwa mnanipenda nikilijibu. Hiyo ndiyo dhambi ninayoitubu leo, na nimeifanya peke yangu. Mkiwa na kiu ya kujua ni nani, kaeni na kiu yenu. Na mkimjua, mwacheni ashone."

Akashuka. Hakuna aliyeimba. Askofu alitazama viatu vyake. Mzee mmoja wa safu ya pili alikuwa amefunika uso kwa kofia, na Bibi alikumbuka kwamba naye alikuwapo siku ile, kijana mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Mchungaji alisimama na kutazama ratiba yake kana kwamba imeandikwa kwa lugha ya ng'ambo. Mwishowe akamwashiria binti mwenye suka. Binti akapanda, akaifungua fomu iliyolegea kwa kukunjwa.

"Niliwadanganya wazazi wangu mwaka mzima kwamba nasoma, na chuo nilikwishaacha," alisoma. "Ada nilikula." Macho yakashuka mpaka mstari wa tatu, yakakaa hapo. Kijana wa mwisho kwenye lile benchi alikuwa amegeuka rangi ya majivu.

Kutoka nyuma mtu akaanza, kwa mazoea tu, "Na n...", na lazima mkewe alimkanyaga mguu, maana mlio wake wa maumivu ulisikika mpaka mbele.

"Mimi," alisema binti. "Niliyesimama hapa ni mimi tu."

Akaikunja karatasi mara ya tano, akashuka na kwenda karibu na mlango wa pembeni, mahali wazazi wake walipokuwa wamekaa. Karani alikuwa ameshafika kwenye zile simu tatu akizizima moja moja.

Bibi aliketi mikono mapajani. Hakujua kama fundi angemsamehe, wala kama angemfungulia tena mlango ule. Alijua tu kwamba kabla ya saa saba habari ingekuwa imefika sokoni, kama zifikavyo zote, na kwamba safari hii watakaoibeba watapekua huku na huku ndani yake wasilikute jina la fundi.