Karatasi Niliyompa Sylvester

Asubuhi nilikuwa nimepiga magoti sakafuni nyumbani kwa bibi, nakata kalenda ya zamani. Karatasi ya kalenda ndiyo nzuri. Unachapisha mchoro wa saketi kwa printa ya leza, ile ya unga mweusi badala ya wino, unaulaza juu ya kibao cha shaba, unapiga pasi. Ule unga unayeyuka, unashika shaba. Ukiloweka, karatasi inatoka, mistari inabaki. Karatasi ya daftari inang'ang'ania, inaondoka na mistari. Nimeharibu vibao vingi mpaka kujua hilo.

Sylvester akaingia. Huyu tunasoma naye. Wiki iliyopita alichukua saketi yangu ya kifaa cha kutafutia dhahabu kwenye kabati la maabara, akamwambia Mwalimu Machage ni kazi yake. Hapa Kewanja dhahabu ndiyo habari ya kila mtu, basi ikafika hadi wilayani. Leo wageni walikuja kumwona akitengeneza nyingine. Wakiridhika, anaenda maonyesho Dar. Nafasi moja tu. Mimi sikusema kitu, mbele za watu sauti inanikauka.

"Shikamoo bibi," akasema. Halafu kwangu, polepole, "Bhoke, lete ile karatasi yenye mchoro."

"Karatasi gani?"

"Usijifanye. Wewe si huongei? Mimi naongea kwa niaba yako. Nikitoka Dar nakuletea pipi."

"Ya nini?"

"Ya kijiti. Ulambe, uzidi kunyamaza."

Nikampa. Sio ya kalenda. Nilijua atakuja kuitaka, basi juzi Yasmini wa studio ya picha alinichapishia mchoro uleule kwa printa yake ya wino, ile ya picha za pasipoti, kwenye karatasi inayong'aa kuliko kalenda yoyote. Wino haushiki shaba hata upige pasi mpaka kesho. Angekuwa amewahi kutengeneza hata moja, angejua kwa kuangalia tu.

"Hii ndiyo bora," nikamwambia.

"Kumbe una akili."

Mchana maabara ilijaa. Sylvester alipiga pasi kwa madaha, anaeleza kila kitu kwa Kiingereza. Akatumbukiza kibao kwenye beseni. Wino ukatoka, maji yakawa bluu. Akabandua karatasi, shaba ikabaki tupu, inang'aa kama sufuria mpya.

"Mistari iko wapi, kijana?" mama mmoja mgeni akauliza.

"Inakuja, mama."

"Inatokea wapi?"

Magige wa darasa letu akasema kutoka nyuma, "Mura, kijana wewe, umefua sare?" Darasa zima likacheka. Mimi pia, na nikacheka kwa sauti.

Mwalimu Machage akauliza, "Ile ya kwanza ulitumia karatasi gani?"

Sylvester akanigeukia. Nikamkazia macho mpaka akainamisha yake.

"Aliyetengeneza ile ya kwanza aje ofisini kesho," Mwalimu akasema.

Sasa nyumbani wote wamelala. Nimechukua simu ya mama, nikamwandikia Sylvester: "Kesho ofisini utasema mwenyewe ni ya nani, mimi nikiwa nimesimama hapo. Usiposema, naomba pasi na kibao tutengeneze wote wawili, Mwalimu aone. Na pipi usisahau."

Ameshaisoma.