Mchanga wa Wiki Moja

Binti yangu Fajr alipotukatia tiketi ya meli ya matembezi, wiki nzima, kutoka Bandari ya Sultan Qaboos na kurudi hapo hapo, nlimuuliza kama ana akili timamu. Meli niloijua mimi ni ile iliyotutoa Unguja nikiwa msichana, na ile haikuturudisha.

Lakini nlikwenda. Nlimuonya Paulina, anayetusaidia kazi za nyumbani: "Usifagie mpaka nije. Ukifagia nyuma ya msafiri, harudi."

"Wiki nzima, mama? Na mchanga huu wa hapa kwetu Hail?"

"Usiniudhi. Hata ukikufika magotini."

Safari ilikuwa kama usingizi. Sisi tulihisi tumetulia tu. Milima ndiyo iliyokuwa ikipita dirishani, taratibu, na taa za Hail zikaelea juu ya maji. Nlilala mchana, nikaamka sijui bahari gani. Kila nikifumba macho nliiona sakafu yangu, mchanga unaingia chini ya mlango kama maji yanavyojaa.

Tuliporudi, Paulina alitufungulia amenuna. Kwenye vumbi, nyayo zangu za siku ya kuondoka zilikuwapo bado, zimeelekea nje. Nlivua viatu nikazikanyaga moja moja, kurudi ndani.

Fajr alicheka. "Mama na mambo yako!"

"Cheka," nlimwambia. "Siku tunaondoka Unguja, sote tushatoka nje, mama yangu alirudi ndani akafagia vyumba vyote. Alichelea watakaoingia nyuma yetu wasije wakasema ni mchafu."